Nguo Isiyositiri: Mhadhara juu ya Riwaya ya The Scarlet Letter



Bibi yangu mzaa mama alikuwa mshonaji wa kofia. Kila siku baada ya alasiri alikaa barazani, kitambaa cheupe mapajani, akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, na kofia moja ya kazi nzuri ilimchukua miezi. Kwake nilijifunza kwamba mshono hausemi uongo. Mjuzi akiishika kofia anajua mshonaji alikaa nayo muda gani, alikuwa na haraka au alikuwa ametulia, na mkono ulichoka wapi.

Namtaja bibi kwa sababu riwaya tunayoizungumza jioni hii inafunguka kwa kazi ya sindano. Ni asubuhi ya mwezi wa sita, mjini Boston, katika miaka ya 1640, wakati koloni ya Wapuritani, Wakristo wa imani kali, huko Massachusetts bado changa. Mlango wa gereza unafunguliwa, anatoka mwanamke kijana, Hester Prynne, amempakata mtoto wa miezi mitatu. Alipata mimba mumewe akiwa hayupo. Mahakimu wameamuru asimame juu ya jukwaa la adhabu kwa saa tatu mbele ya mji mzima, kisha avae kifuani maisha yake yote herufi A, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la zinaa.

Walichotaka ni alama tu. Kipande chochote cha kitambaa kingetosha. Hester ametoka na kitambaa chekundu cha thamani, kingo zake zimedariziwa, zari imepita juu yake kwa ufundi usiowahi kuonekana katika koloni hiyo ya watu wavaao rangi za majivu. Wanawake waliokusanyika mlangoni wanakiona mara moja, maana nao ni watu wa sindano, na hasira inawapanda. Mmoja anasema angechomwa chuma cha moto kwenye paji la uso. Mwingine anasema angeuawa. Ni mmoja tu, mdogo kuliko wote, aliyeshika mkono wa mwanawe, anayewaomba wenziwe wanyamaze, kwa kuwa anaelewa jinsi sindano ile ilivyomchoma mwenyewe aliyeishika.

Nami kila nikifika hapo nauliza: aliidarizi lini? Gerezani, bila shaka, na mtoto mchanga ubavuni, kati ya kunyonyesha na kunyonyesha. Ameipokea adhabu yake, akaipa usiku wake wote, akaifanyia kazi hadi ikawa yake.

Lugha yetu ina neno ambalo limenisaidia kuisoma riwaya hii kuliko maelezo yote niliyosoma juu yake. Neno hilo ni kusitiri. Nguo husitiri mwili. Nyumba husitiri familia. Maiti akizikwa tunasema amesitiriwa. Na mtu anayeijua aibu ya mwenziwe akaufunga mdomo wake, naye amesitiri. Sasa watazameni mahakimu wa Boston. Wamechukua nguo, kitu ambacho kazi yake ni sitara, wakaigeuza iwe ya kuanika. Hester anavaa nguo inayomvua. Mateso yake yote yamo katika ugeuzaji huo, na nitajaribu kuwaonyesha kwamba riwaya nzima inauzunguka.

Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa riwaya hii, aliijua aibu ya kurithi. Alizaliwa Salem, Massachusetts, tarehe 4 Julai 1804, katika ukoo uliofika huko pamoja na Wapuritani wa mwanzo. Babu yake wa kale, William Hathorne, alikuwa mmoja wa waliowatesa Wakweka, Wakristo wa madhehebu nyingine. Mwana wa William, John Hathorne, alikuwa hakimu katika kesi za uchawi za Salem mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi akafa. John hakuwahi kutubu hadharani. Nathaniel alipokuwa kijana aliongeza herufi w katika jina la ukoo wake, likawa Hawthorne. Mimi siwezi kulipita jambo hilo haraka. Mtu aliyekuja kuandika kisa cha herufi moja iliyoshonwa kifuani alikwisha kuishona herufi moja ndani ya jina lake mwenyewe, kati yake na wazee wake.

Na sisi watu wa Unguja tunapaswa kulisikia jina Salem kwa sikio la pekee. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wetu wa wakati huo, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani katika mji huu. Meli za Salem zilituletea kitambaa cha pamba ambacho mabibi zetu waliita merikani, jina ambalo halijafutika hadi leo. Zilirudi na pembe, ngozi na sandarusi. Kuanzia mwaka 1846 hadi 1849 Hawthorne alikuwa mkaguzi katika forodha ya Salem, na katika utangulizi wa riwaya yake anasema kwamba siku ambazo forodha hiyo iliyodorora ilipata uhai kidogo ni zile ambazo meli zilifika, mara nyingi kutoka Afrika au Amerika ya Kusini. Sidai kwamba riwaya hii ni yetu. Nasema tu kwamba jina la mtu aliyeiandika lilipigwa muhuri kazini kwake juu ya mizigo, na baadhi ya mizigo ya Salem wakati huo ilibebwa na wachukuzi wa bandari hii.

Mwaka 1848 chama chake kilishindwa, na mwaka 1849 akafukuzwa kazi. Mwezi Julai mwaka huo mama yake akafariki. Akakaa kuandika, na tarehe 3 Februari 1850 akamsomea mkewe Sophia sehemu ya mwisho. Sophia alikwenda kitandani na maumivu makali ya kichwa, na mumewe akaichukua hiyo kuwa dalili ya kufaulu. Kitabu kilitoka mwezi Machi 1850.

Msidhani kwamba ukali wa sheria katika kitabu ni wa kubuni. Sheria ya koloni ya mwaka 1641 iliweka adhabu ya kifo kwa zinaa na mke wa mtu. Mwaka 1644 Mary Latham na James Britton waliuawa Boston kwa kosa hilo. Mary alikuwa na umri wa miaka 18, ameolewa na mzee asiyempenda. John Winthrop, aliyekuwa gavana mara kadhaa, aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake. Na mwaka 1658 koloni jirani ya Plymouth iliweka sheria kwamba wazinzi washonewe nguoni herufi AD. Hawthorne aliyasoma mambo ya kale ya nchi yake kwa miaka mingi, na katika hadithi fupi aliyoiandika kabla ya riwaya tayari alikuwa amempitisha mwanamke mwenye herufi A kifuani, kwa sentensi chache tu. Mwanamke huyo alimkaa moyoni zaidi ya miaka kumi.

Turudi jukwaani. Juu ya roshani, pembeni ya gavana na wachungaji wazee, amesimama mchungaji kijana, Arthur Dimmesdale, kipenzi cha waumini. Wakubwa wake wanamwamuru amsihi Hester amtaje aliyezini naye. Nyote mliosoma mnajua kwamba ni yeye. Anainama juu ya ukingo wa roshani, sauti inamtetemeka, anamwambia mwanamke huyo, mbele ya halaiki, kwamba asimhurumie mtu huyo, kwamba ni afadhali ashushwe kutoka mahali pa juu kuliko kuishi na moyo uliofunika hatia. Anaomba atajwe. Na kila neno analolisema ni la kweli. Angeweza kulimaliza jambo kwa hatua tatu za ngazi, lakini anamwachia mwanamke aliyebeba mtoto afanye ushujaa ambao yeye hana. Hester anakataa. Anasema hatalitaja jina hilo kamwe. Mchungaji anarudi nyuma, mkono kifuani, akishusha pumzi.

Huyo mwanamke, mbele ya mji uliomvua sitara yake, amemsitiri mwenziwe.

Hapo yanaanza maneno matatu ambayo naomba myashike: kusitiri, kuficha na kufichua. Hester anasitiri. Dimmesdale anaficha. Anayeangalia kwa nje ataona midomo miwili iliyofungwa na kudhani ni jambo moja. Hester anafunga mdomo kwa ajili ya mtu mwingine, na gharama analipa yeye. Dimmesdale anafunga mdomo kwa ajili ya heshima yake, na gharama analipa mwingine. Anajitetea moyoni kwamba akisema ukweli atapoteza nafasi ya kuwatumikia waumini. Hoja hiyo tunaijua. Kila mtu mwenye cheo aliyewahi kuficha jambo amekwisha kuitumia.

Wa tatu amesimama nyuma ya umati. Ni mume wa Hester, mwanachuoni mzee aliyemtanguliza mkewe Boston, kisha akachelewa kwa kushikwa na wenyeji wa msituni. Siku anayofika mjini ndiyo siku mkewe yuko jukwaani. Anamtazama, na Hester anapomtambua, anaweka kidole mdomoni. Usiku huo anaingia gerezani kama tabibu, anampa mtoto dawa, anampa mama dawa. Nataka tumtendee haki mzee huyu. Anakiri kwamba yeye ndiye aliyekosa kwanza, kwa kuuoa ujana kwa uzee wake. Katika chumba kile kuna dakika chache ambazo angeweza kusamehe. Badala yake anamtaka Hester aape kwamba hatamwambia mtu yeyote kuwa yeye ni mumewe. Anajiita Roger Chillingworth. Kazi yake kuanzia hapo ni kufichua, na hafichui kwa kuitafuta haki. Anahamia nyumba moja na mchungaji, anakuwa tabibu wake, na kila siku anachimba kidogo ndani ya mtu huyo kama mchimba kaburi. Siku moja mchana anamkuta amelala kitini, anaifungua nguo ya kifuani, anaangalia. Anachokiona hatuambiwi. Tunaiona furaha yake tu, na furaha hiyo inatisha kuliko chochote ambacho tungeonyeshwa.

Sasa niseme jambo ambalo huenda baadhi yenu mtalikataa. Sitaki kumtetea Hester kwa kila hatua. Alikuwa na siri mbili. Ya kwanza, ya mpenzi wake, aliishika kwa upendo. Ya pili, ya mumewe, aliishika kwa hofu na kiapo, na hiyo ya pili ndiyo iliyomweka nyoka karibu na mtu anayempenda kwa miaka saba, hatimaye chini ya dari moja. Hata ile ya kwanza haikuwa safi katika matokeo yake. Kimya cha Hester ndicho kilichomwezesha Dimmesdale kuficha. Kama asingesitiriwa, asingekuwa na mahali pa kujificha. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo unampata mchungaji sawasawa. Lakini hautuambii la kufanya na yule aliyempa mgonjwa shuka ya kujifunika kwa kumpenda.

Katika miaka hiyo saba Dimmesdale anafanya jambo moja ambalo kwangu ndilo kilele cha ujuzi wa Hawthorne juu ya moyo wa mtu. Anapanda mimbari na kukiri. Anawaambia waumini kwamba yeye ni mwovu kuliko waovu wote, kwamba ni ajabu moto wa Mungu haujamteketeza mbele yao. Na waumini wanazidi kumheshimu. Wanasema: kama mtu mtakatifu kiasi hiki anajiona hivi, sisi tuna hali gani? Sifa zake zinapanda. Naye alijua zitapanda. Alisema kweli tupu ikageuka kuwa uongo ikiwa bado mdomoni, kwa sababu aliisema kwa ujumla. Hakusema jina, hakusema siku, hakusema mtoto. Mtu anaweza kulijaza jengo zima la ibada kwa majuto yake na bado asiwe amekiri kitu. Nyumbani, mlango ukishafungwa, anajipiga kwa mjeledi, anafunga hadi magoti yanatetemeka, anakesha. Hayo yote anayafanya gizani, mahali ambapo hayamgharimu cheo.

Usiku mmoja anatoka na kupanda jukwaa lilelile, peke yake, mji umelala. Hester anapita na mtoto wao, Pearl, ambaye sasa ana miaka saba. Anatoka wapi saa hizo? Anatoka nyumbani kwa Gavana Winthrop, ambaye amefariki usiku huo, na Hester alikwenda kumpimia vazi la kuzikiwa. Nawaomba msiipite sentensi hiyo mnaposoma, maana ni fupi. Mtawala wa mji uliomwanika mwanamke huyu anasitiriwa kwa mkono wake. Ndiye anayeshona nguo za magavana na wachungaji, nguo za watoto wachanga, nguo za maziko, na nguo za maskini bila malipo. Shela ya bibi harusi tu ndiyo hawakuwahi kumpa ashone.

Mchungaji anawaita wapande, wanashikana mikono, watatu, gizani. Na Pearl anauliza swali ambalo ni mtoto tu anayeweza kuliuliza: je, kesho mchana utasimama hapa na mama na mimi? Baba anasema hapana, siku ya kiama, si kesho. Mtoto anacheka. Kisha kimondo kinapita na mbingu inang'aa, na mchungaji anaona angani herufi A. Asubuhi mtunza kanisa anamletea glavu yake, imeokotwa jukwaani, na anasema bila shaka Shetani ndiye aliyeidondosha pale ili kumchafulia jina. Yaani ushahidi umewekwa mkononi mwake, na mji wenyewe unamsaidia kuukataa.

Mapenzi yao, jamani, tunayaona mara moja tu, msituni. Hester amekwenda kumwambia Chillingworth ni nani. Mchungaji anakasirika, kisha anasamehe. Wanapanga kutoroka kwa meli iendayo Bristol. Hester anaivua herufi, anaitupa kando ya kijito, anavua kofia, nywele zinamwagika mabegani, na ujana wote unarudi usoni. Jua linaingia msituni. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini nilitaka kitabu kiishie hapo.

Lakini mtoto yuko ng'ambo ya kijito na anakataa kuvuka. Ananyoosha kidole kwenye kifua kitupu cha mama yake, anapiga mguu chini, anapiga kelele hadi msitu unarudisha sauti. Hamjui mama asiye na herufi. Hester analazimika kuiokota na kuivaa tena, kuzificha nywele zake, ndipo mtoto anavuka. Mchungaji anambusu Pearl kwenye paji, na Pearl anakimbilia kijitoni, anainama, analiosha lile busu hadi litoke. Kwa miaka saba amemwona mtu huyu akiwapita njiani mchana kama hawajui. Mapenzi anayopewa na baba yake chini ya miti, ambako hakuna macho, hayataki.

Meli haikuondoka nao. Siku ya mahubiri ya kuapishwa kwa gavana mpya, Hester anaambiwa kwamba Chillingworth naye amekwisha kupata nafasi katika meli hiyohiyo. Dimmesdale anahubiri kuliko alivyowahi kuhubiri, anatoka kanisani akipepesuka, anapanda jukwaa mchana kweupe, mkono mmoja kwa Hester na mwingine kwa mwanawe, anasema, anaifungua nguo ya kifuani, na anakufa. Pearl anambusu midomoni. Chillingworth, asiye na cha kufichua tena, ananyauka na kufa kabla mwaka haujatimia.

Nina ugomvi na Hawthorne hapa na sitauficha. Mwanamume huyo anapata utukufu wote: mahubiri bora, umati, kifo mikononi mwa anayempenda. Alisema kweli kwa dakika chache na hakulazimika kuishi nayo hata usiku mmoja. Hester aliishi nayo miaka saba, sokoni, njiani, mbele ya watoto waliotaka kumtupia matope. Na hapo mwisho Hester anapomuuliza kama watakutana tena akhera, anamjibu kwa shaka. Hata akifa, anamwachia mzigo. Sijui kama mwandishi aliuona udhalimu huo au aliukubali. Mimi nauona, na naona kwamba nguvu zote za kitabu ziko upande wa mwanamke, hata pale msimulizi anapojaribu kumkaripia.

Lakini kuna upande mwingine wa Hawthorne ambao umenifanya nirudi kwake mara nyingi. Mwandishi huyu, aliyetufungulia vifua vya watu wote hawa, naye anajua kusitiri. Neno la zinaa halimo katika riwaya yake hata mara moja. Siku za mapenzi ya Hester na Arthur, kabla ya gereza, hatuonyeshwi. Na kuhusu kifua cha mchungaji pale jukwaani, anatuambia kwamba wengine waliapa kuiona herufi A katika nyama yake, na wengine waliokuwepo walisema hakikuwa na alama zaidi ya kifua cha mtoto mchanga. Anaziweka habari zote mbili mbele yetu na haamui.

Miaka mingi baadaye, Pearl akiwa ameolewa ng'ambo, Hester anarudi kutoka Ulaya, alikokwenda na mwanawe. Hakuna hakimu anayemwita. Anakwenda kwenye kibanda chake pembeni mwa bahari, anasita mlangoni, anaingia, na anaivaa herufi kwa hiari yake. Watu wameacha kuiogopa. Jioni, wanawake wa koloni wanaanza kuja kwake mmoja mmoja: aliyependa asipendwe, aliyependwa akaumizwa, aliyebeba moyo usio na wa kuupokea. Wanauliza kwa nini wana huzuni kiasi hiki na dawa yake ni nini. Hester anawaliwaza kadiri anavyoweza.

Hawthorne hamtaji hata mmoja kwa jina. Visa vyao havimo kitabuni. Wanaingia, wanakaa karibu na moto, na mlango wa kibanda unafungwa.